Kidole Gumba cha Papa Onésime

Ukiwa na undugu na Papa Onésime wa Evere, huko ughaibuni, huna haja ya kutazama filamu yoyote. Yeye atakuwa ameshaitazama kwa niaba yako, na Jumamosi mchana, kabla sahani hazijaoshwa, sauti yake itakuwa imeingia kwenye kundi la familia la WhatsApp. "Bandugu, bon, ile film ya jana, musipoteze wakati." Kisha hufuata hukumu, yenye mafungu na vifungu kama mahubiri, na ole wake atakayeuliza kama hakukuwa na hata kizuri kimoja.

Ukweli ni kwamba hakuna filamu aliyowahi kuiona nzima. Tangu wanawe walipokuwa wadogo, rimoti ilikaa mkononi mwake. Watu wawili kwenye skrini wakisogeleana kidogo tu, kidole gumba kilibonyeza, na picha zikakimbia. Nyumba nyingi za watu waliohamia huko kutoka Butembo, mji wa kwao, zilikuwa na baba wa namna hiyo, na hakuna aliyeshangaa. Ila watoto walikua, wakaondoka, na kidole hakikustaafu. Sasa kilikuwa kikimkinga mkewe, Maman Kahambu, mama wa watoto wake wote, ambaye hakuwa ameomba ulinzi wowote. Kwa hiyo katika filamu za Onésime watu walioana ghafla, wakagombana bila sababu na kupatana bila sababu, naye lawama zote akawatupia waliozitunga.

Kulikuwa na mtu mmoja tu kwenye televisheni aliyemridhisha, mtangazaji wa Kifaransa ambaye Kahambu alimpachika jina la Monsieur Cravate, kwa sababu ya tai zake. Onésime alimjulia kazini, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akisukuma viti vya magurudumu, kwani wakazi wa pale walipenda kumtazama wakati wa kahawa. Monsieur Cravate alisema familia zimebomoka, sinema zimeoza, vijana hawana adabu. Onésime alitikisa kichwa kukubali hadi shingo ikamuuma. Lakini katikati ya kila kipindi bwana yule alivuta pumzi, akawageukia wageni: wamezidi, wameujaza mji, warudi kwao. Hapo kidole gumba kilifanya kazi yake. Kazini, ambako rimoti ilikuwa ya wazee, Onésime alikumbuka ghafla kwamba kuna mtu anahitaji kupelekwa chooni.

"Ule muntu anasemaka ukweli," alimwambia mkewe.

"Na ile ingine anasemaka?"

"Ile ingine sijaisikiaka."

Basi binti yao mdogo, Précieuse, ambaye ni nesi, alihamia Auderghem, upande mwingine wa mji, kuishi na Héritier, kijana wa Goma, kabla familia ya kijana haijaja kujitambulisha. Onésime hakugomba. Alimtumia video ya Monsieur Cravate. Mwanzo wake ulihusu wazazi wanaobaki peke yao mezani, nao ulimgusa kweli. Bwana alipovuta pumzi, Onésime akazima kama kawaida yake, akaituma bila kuongeza neno. Précieuse alijibu kwa kujitoa kwenye kundi. Tangu siku hiyo hakuja tena Jumapili, na baba yake akipiga simu, haipokelewi.

"Ukweli unamuuma," Onésime alisema, akajifanya hajali. Alijali hasa. Précieuse ndiye mtu pekee aliyekuwa akijibu hukumu zake, akibisha kifungu kwa kifungu, na sasa hukumu zilitua kwenye kundi, zikapata vidole vya pongezi kutoka kwa mashemeji ambao hata hawakuzisikiliza. Alitamani mtoto arudi. Kwenda kumwona yeye kwanza, hilo hakulifikiria.

Jumamosi moja walitazama filamu ya binti wa fundi mwashi aliyekimbia kwao. Ilipoisha, Onésime alishika simu na kukohoa.

"Bandugu, ile film haina kichwa. Mutoto alikimbia nyumba, mara moja tunamuona anakula na baba yake. Juu ya nini? Hakuna kitu yenye ilipita."

Kahambu aliacha kukunja nguo. "Papa Précieuse, weka ile simu chini. Rudisha nyuma."

"Wapi?"

"Pale ulirukisha."

"Donc, balikuwa banakumbatana."

"Nani na nani?"

Hakujua. Aliona mikono ikinyooka mlangoni, basi. Akarudisha nyuma, huku akinung'unika, na mlangoni akamkuta yule mwashi mwenyewe, na kofia yake mkononi, akimwambia binti yake kwamba alikosea. Ndipo binti aliponyoosha mikono. Onésime alitazama hadi mwisho, kisha akafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

"Na ile video ulitumia Précieuse," Kahambu aliuliza polepole, "uliiangalia yote?"

"Kipande ya bazazi."

Kahambu alikaa kitini. "Mimi niliiangalia yote ku simu yako. Nilifikiri na weye pia. Tangu ile siku nakukasirikia."

Onésime alikuwa amedhani mkewe amenuna kwa uchovu tu. Akaifungua video, na safari hii akakiweka kidole mbali. Baada ya wazazi, Monsieur Cravate aliwageukia mabinti wa wageni: wanaishi na wanaume bila ndoa, wanazaa ili wale fedha za nchi, baba zao wangekuwa na haya wangewarudisha walikotoka. Alisema hayo akitabasamu.

"Mungu wangu," alisema Onésime. "Alizani ni mimi namusema vile."

"Angezani nini tena?"

Kesho yake, baada ya ibada, alipanda basi kwenda Auderghem, amepakata bakuli la sombe, yaani kisamvu, alilopewa na Kahambu. Njiani alitunga hotuba yenye mafungu manne. Précieuse alipofungua mlango, mafungu yote yalimtoroka.

"Papa," alisema Précieuse, bila kusogea.

"Ile video, sikuiangalia mpaka mwisho. Ningeiona yote, singekutumia. Pardon, mutoto yangu."

Kwao baba hamwombi binti msamaha, tena mlangoni, huku Héritier amesimama nyuma na kitambaa cha vyombo begani. Précieuse alimtazama sana. Kisha akanyoosha mikono.

Onésime alikuwa na bakuli mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa mfukoni mwa koti, na humo ndani kidole gumba kilijikunja chenyewe, kikabonyeza, kikabonyeza tena. Hakuna kilichokimbia. Akautoa mkono, akauweka mgongoni mwa binti yake, na akabaki hapo hapo hadi Héritier alipokuja kulipokea bakuli.