Kama Wapo, Wasimame

Baba yangu hakuwahi kuamini kwamba nina kazi. Alikuwa mkulima wa kahawa pale Nanyala, na kwake kazi ilikuwa kitu chenye mlango: unaingia, unatoka, watu wanakuona. Mimi nilikuwa nashinda kwenye chumba cha kupanga Tunduma, hedifoni kichwani, nikiwajibu wateja wa benki isiyo na jengo, benki ambayo yote iko ndani ya simu. Wenyewe ni wa nchi ya mbali. Walipoamua kutafuta wateja kwetu mpakani waliajiri vijana wa mkoa huu kwa mkupuo, kila mmoja afanyie kazi nyumbani kwake. Usaili kwa simu, mkataba kwa simu, mafunzo kwa simu.

"Mama, wenzako wa kazini ni akina nani?" baba aliniuliza kila nilipokwenda kumsalimia. Nikimwambia sijawahi kuwaona, anacheka mpaka anakohoa. "Basi nitawaona mimi. Siku nikifa watakuja. Ofisi haiwezi kukosa msiba."

Alisema kwa utani, lakini kanisani alishawatangazia wazee wenzake kwamba binti yake yuko benki, nao wakamuuliza tawi gani. Iliniuma kuliko nilivyomwonyesha. Alinisomesha kwa kahawa ile, na alichotaka ni watu tu, watu wenye sura, wasimame mbele ya kijiji waseme huyu ni mwenzetu.

Wenzangu niliwajua kwa sauti. Tulikutana kila asubuhi kwenye simu ya kikundi, kamera zimezimwa ili bando lisiishe, na msimamizi huko aliko anatugawia kazi kwa Kiingereza. Kulikuwa na kaka wa Itumba mwenye sauti nzito. Akifungua maiki tu, jogoo wa jirani yake naye anachangia mada. Kulikuwa na dada wa palepale Tunduma, ambaye huenda tulikuwa tunanunua nyanya kwa mama mmoja. Tulitaniana, tulifichiana makosa, tulielezana shida za nyumbani. Kuonana, hapana. Nani ana muda?

Baba alipofariki niliandika kwenye kundi letu siku na mahali pa mazishi. Wakanijibu kwa vile vimikono vilivyokutanishwa, na pole sana dada. Msimamizi alituma kimoyo. Nilimchukia kwa kile kimoyo, Mungu anisamehe.

Siku ya mazishi uwanja wetu ulijaa. Baada ya ibada, mwongozaji wa ratiba alianza kuwaita watu wa salamu za rambirambi. Serikali ya kijiji. Ushirika wa kahawa. Halafu shule ya kaka yangu, ambaye ni mwalimu Chitete: wenzake walisimama mstari mzima, viatu vimejaa vumbi la ile barabara, na mwalimu mkuu akasema maneno mazuri. Nilijua kinachofuata.

"Sasa tunaomba ofisi anakofanya kazi binti wa marehemu. Kama wapo, wasimame tuwaone."

Hakusimama mtu. Yule bwana akarudia, kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Shingo zikageuka. Nilikaza macho kwenye jeneza, nikitamani baba asiwe anasikia.

"Basi, tunaendelea," akasema, akaiita kwaya.

Niliporudi kazini, kabla msimamizi hajaingia kwenye simu, yule kaka wa Itumba akaniambia, "Dada, mzee mmemsitiri vizuri. Ile kwaya ilinitoa machozi."

Nikamuuliza kwaya ameisikia wapi.

"Si nilikuwepo! Nilikaa nyuma, kwenye mabenchi ya upande wa shamba la kahawa. Walipoita ofisi nikaangaza huku na huku, sikuona wa kunyanyuka. Nikaona aibu. Ofisi nzima, mtu mmoja?"

Dada wa Tunduma akafungua maiki, analia.

"Jamani, kumbe ulikuwepo? Mimi nilikaa hukohuko. Nilikuwa nawasubiri ninyi msimame."

Wakaniambia wote wawili walikuwa wamepita mbele yangu kwenye mstari wa kunipa mkono, wakainamisha vichwa, wakasogea bila kusema kitu. Wangesema neno moja tu ningewajua.

Msimamizi akaingia na furaha yake. Benki inafanya vizuri kwetu, inaongeza watu, tuwakaribishe. Sauti ngeni zikaanza kujitambulisha, moja baada ya nyingine. Sikuzisikiliza. Niliwasha kamera, uso wangu ukiwa bado umevimba. Wa Itumba akawasha yake, kisha dada wa Tunduma. Tukatazamana.

Nilizikumbuka zile sura. Zilikuwa pale uwanjani, hatua chache kutoka kwa baba, na hakuna aliyemwambia kwamba ofisi imekuja.