Fundi Aliyechoma Pateni za Mumewe

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Vifungo anafungua kufuli mbili za chumba chake cha ushonaji na kufagia vipande vya vitambaa vya jana. Kisha, badala ya kukaa kwenye cherehani, anasimama mbele ya waya uliovutwa ukutani. Kwenye waya huo zinaning'inia risiti, zimebanwa kwa vibanio vya nguo: ya uzi, ya zipu, ya bitana, ya umeme, ya pango la chumba. Zote za wiki hii, zinasubiri kutolewa kopi.

"Unaanua mapema leo," kinyozi wa chumba cha pili anamchokoza kutoka mlangoni. "Au umeona mawingu?"

"Wewe cheka tu, shemeji. Zako ziko wapi? Mfukoni mwa suruali, zinangoja kufuliwa."

Kinyozi anacheka. Anajipapasa mfuko, anaacha kucheka, anarudi kwake.

Leo ni Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi. Ndiyo siku ya mwisho aliyopewa na ofisi ya kodi kufunga jalada la mumewe. Asipolifunga, litahesabiwa kuwa hai mwaka mwingine, na faini zitaanza upya kwa jina la mtu aliyezikwa miaka mitatu iliyopita. Deni la kodi lenyewe ameshalimaliza. Kilichobaki ni fomu ya ukurasa mmoja, ambayo ameipeleka mara mbili na mara zote mbili amerudi nayo.

"Kuna mahali pameandikwa 'sababu ya kufunga'," anasema, macho kwenye vibanio. "Nikifika hapo mkono unagoma."

Jina la Mama Vifungo alipewa na watoto wa shule. Anashona sare, na ndani ya kila shati hushonea vifungo viwili vya akiba, maana anawajua watoto. Mumewe alikuwa fundi wa suti. Walishona katika chumba hiki mgongo kwa mgongo kwa miaka kumi na tisa, wakigombana kuhusu redio.

Marehemu hakuwa mtu wa daftari. Kila suti ilikuwa na pateni yake, karatasi ya kaki ya kukatia nguo, yenye vipimo vya mteja kwa mwandiko wake. Akinunua kitambaa, aliikunja risiti na kuiweka ndani ya pateni ile. Ukimuuliza, alikuwa na jibu moja: "Risiti inakaa na nguo yake." Na kweli, hakuwahi kupoteza hata moja.

Alifariki Jumanne moja mchana, mkasi ukiwa mkononi. Miezi miwili baadaye mkewe alizibeba pateni zote hadi nyuma ya jengo na kuzitia moto.

"Kila nikiinua macho naona mwandiko wake," anasema. "Bega la fulani, kiuno cha fulani. Watu wote wale wapo, wanatembea, wananenepa. Aliyewapima ndiye hayupo. Nikasema hapana, hapa nitapata wazimu."

Hakukumbuka ndani mlikuwa na nini. Nani angekumbuka, katika hali ile?

Barua za ofisi ya kodi zilipoanza kuja, zilikuwa na jina la mumewe. Hakuzifungua. "Barua ya mtu unaifunguaje?" anauliza, na anauliza kweli. Alizilaza chini ya godoro, upande ule aliokuwa akilala mwenzake. Aliendelea kushona na kuwapa wateja risiti zenye jina la marehemu, bila kujua kwamba alitakiwa kutoa taarifa ya kifo na kujisajili kwa jina lake mwenyewe.

Maofisa walipofika walitaka ushahidi wa gharama. Hakuwa nao. Kodi ikakadiriwa juu ya mauzo yote, utadhani kitambaa, bitana na vifungo vilikuwa vikianguka kutoka juu.

"Nilipiga hesabu kwa sare, ndiyo hesabu ninayoielewa. Sare mia tatu, nishone bure."

Alikwenda ofisini akilia, akaambiwa aandike barua aombe kulipa kwa awamu. "Kumbe inawezekana! Mwaka mzima nimezilalia zile barua. Ningekwenda mapema, nusu ya faini isingekuwepo."

Awamu zilikuwa kumi na mbili. Ya sita ilimshinda, akauza cherehani ya mumewe, ile nzito ya makoti.

"Mnunuzi alipokuja kuichukua, mimi nilitoka kwenda kununua chumvi," anasema. "Chumvi ilikuwepo nyumbani."

Saa nne kinyozi anarudi na risiti kiganjani. Nyingi zimekuwa nyeupe kabisa.

"Karatasi za mashine hizi zinafutika, shemeji. Toa kopi wiki hiyohiyo, au piga picha kwa simu. Na pesa ya saluni usiichanganye na ya mboga. Halafu hata mwaka usipoingiza kitu, jaza fomu uandike sifuri. Ukikaa kimya, faini inakua."

"Haya, mwalimu."

"Bado. Mkeo ajue makaratasi yako yako wapi."

"Akijua mapato yangu si nitakoma?"

"Akijua, hatalia mara mbili."

Kinyozi anazikunja risiti zake taratibu na kuaga.

Saa nane mchana, Mama Vifungo ameketi mbele ya afisa wa kodi, binti mwenye miwani anayemfahamu sasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja nayo."

Anaandika jina la marehemu, namba yake, na tarehe. Anafika pale. Kalamu inasimama. Nyuma yake foleni inasogeza miguu, mtu anakohoa kwa makusudi.

"Nikuandikie, mama?" afisa anauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Huyu ni wangu."

Anaandika neno moja, kwa herufi kubwa kubwa kama za mtoto anayejifunza: AMEFARIKI. Muhuri unagongwa. Anapewa nakala, na pamoja nayo karatasi nyingine yenye namba mpya ya mlipakodi, kwa jina lake. Machozi yanamtoka na hayafichi. Akitoka anapita dukani kutoa kopi ya kila karatasi, akiwa bado analia.

Chumbani kwake, anavuta droo ya meza na kutoa pateni ya kaki. Moja ilinusurika, kwa kuwa ilikuwa imefunikwa na vitambaa. Ni yake mwenyewe. Mumewe alimpima mwezi mmoja kabla ya kifo, amshonee gauni la kuvaa siku binti yao atakapohitimu chuo. Kitambaa kilinunuliwa, hakikukatwa. Risiti yake bado imo ndani, imefutika yote.

Anaiweka nakala ya fomu juu ya risiti ile na kukunja pateni.

"Inakaa na nguo yake," anasema.

Binti atahitimu mwisho wa mwaka huu, na mama yake amepanga gauni hilo alikate mwezi ujao. Tatizo ni kwamba amekonda sana tangu apimwe. Wenzake wa ushonaji wamemshauri apunguze vipimo kabla hajaharibu kitambaa kizuri.

"Sipunguzi hata inchi moja," anasema, akivuta kiti kuelekea cherehani iliyobaki. "Alivyonipima ndivyo nitakavyokata. Mimi nitakula mpaka linienee."