Bi Chupa na Mwani Uliogoma
Kwa miaka ishirini na sita aliosha vyombo vya maabara ya mimea, na hakuna aliyekumbuka jina lake. Walimwita Bi Chupa, naye akaitika. Mbali na kuosha, alipika maji ya chakula cha mwani wa kijani, ule wa chembe zisizoonekana kwa macho, uliofugwa kwenye chupa rafuni chini ya taa nyeupe, akaulisha kwa bomba la kioo. Majirani walimcheka: ufugaji gani huo, wa mifugo isiyolia wala kutaga? Yeye aliwajibu kwamba afadhali hiyo, haiingii shamba la mtu.

Kwenye hadubini hakuwahi kuchungulia. Hiyo ni ya waliosoma, alijiambia, na jambo ukijiambia miaka yote hiyo hugeuka sheria.

Ilipobaki miezi michache astaafu, alikuja binti mmoja wa uzamivu, mwembamba na mwenye haraka. Alichunguza jinsi mwani wa aina mbili, zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, unavyotambuana na kushikana ili uzaane. Lakini kila alipouchanganya, chembe zilipishana tu kama watu wasiojuana. Wiki ya kwanza alisema ni bahati mbaya. Wiki ya tano alilia juu ya meza. Profesa wake alikuwa amempa mpaka Ijumaa. Ikishindikana, rafu apewe mwingine na yeye arudi kwao mikono mitupu.

"Pole, mwanangu," Bi Chupa alimwambia, akimmiminia chai. "Labda hawapendani tu."

"Mama, nimewanyima chakula siku nzima! Wakikosa naitrojeni ndipo wanapotafutana. Hawa wangu wana njaa, halafu bado wanaringa!"

Chai ilimmwagikia Bi Chupa vidoleni. "Kumbe unawanyima makusudi?"

Alirudi kwenye sinki, akafungua bomba la maji bila kuosha chochote. Ni nani kila asubuhi, kabla binti hajafika, aliyezikuta zile chupa zake mbili za pembeni zimepauka, akazionea huruma, akaziongezea chakula? Alikuwa amelea watoto sita na wapwa watatu, na kuona kiumbe kikiwa na njaa hakuweza kabisa. Nyamaza, moyo ulimwambia, hakuna aliyeona, ustaafu na heshima yako. Ni kweli hakuna aliyeona. Ila nyuma ya rafu binti alikuwa anapenga kamasi, na hilo lilimshinda.

"Mwanangu, mchawi wako ni mimi," alisema, mikono ikimtiririka maji. "Nimekuwa nikiwalisha. Niliwaonea huruma."

Bi Chupa akasubiri matusi. Badala yake binti alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, mama. Na hawa walishiba wote!"

Alhamisi mwani ukashinda na njaa, Bi Chupa akiipita rafu huku ameangalia pembeni. Ijumaa asubuhi binti alimkabidhi bomba la kioo.

"Changanya wewe."

"Nikiharibu tena?"

"Changanya, mama."

Akadondosha tone la chupa hii, na la ile. Akainama kwenye hadubini, kwa mara ya kwanza. Mwanzo hakuona kitu ila kope zake mwenyewe. Kisha zikatokea, chembe za kijani zikienda mbio, kila moja na vijimkia viwili mbele. Ncha za vijimkia ziligusana na hazikuachana. Zikaja nyingine, zikanasa, likawa rundo linalotetemeka. Binti alimweleza taratibu: vijimkia vina gundi, na gundi ya aina hii hushika ile ya aina ya pili tu, ndugu kwa ndugu hugusana wakapitana. Hakuna aliyewatambulisha, hakuna mshenga, na bado walijuana kwa kugusana! Wawili wakajitoa kwenye rundo, wakasogeleana, wakaungana wakawa mmoja.

"Sasa yupi ni yupi?" Bi Chupa alinong'ona.

"Hakuna tena yupi, mama."

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, maana angelazimika kuondoa jicho. Ee Mola, vitu hivi alivibeba mikononi miaka yote, akidhani ni maji ya kijani.

Mlango ukafunguliwa. Profesa aliingia, akaitazama saa yake, akauliza kama kuna cha kuona au hakuna.

"Kipo," binti alisema. "Lakini subiri kidogo, profesa. Mama bado anatazama."

Na profesa akasubiri.