Tanuru la Kwanza la Baba Mdogo

Juzi, nilipopita kando ya tanuru la mkaa huko Sepuka, harufu ya udongo ulioungua ilinirudisha kwa baba mdogo, aliyetuchukua mimi na wadogo zangu wazazi wetu walipofariki.

Tanuru lake la kwanza nilililinda mimi. Tulipolifukua, magogo yaliyojaza mkokoteni yalikuwa yametoa magunia machache mepesi.

"Miti yangu iko wapi?" aliuliza.

"Sijui, baba. Labda mwizi alikuja nikiwa nimesinzia." Niliamini hivyo kweli.

"Mwizi ni wewe. Leo hamli, wewe na wadogo zako, mpaka useme umemuuzia nani."

Siku hizi najua hakuna kilichopotea. Sehemu kubwa ya miti ile ilikuwa imetoka kama moshi na mvuke, na yeye aliuliza iliko huku akiukohoa moshi huohuo. Lakini nyumbani wadogo zangu walikuwa wameketi wakinusa ugali wa watoto wa baba mdogo, nikasema nimemuuzia mpita njia.

Wadogo zangu wakala. Kulipokucha, shati langu la shule lilivaliwa na mwanawe. Mwizi, alisema baba mdogo, hana haja ya kusoma.