Mkanda Niliopima kwa Kidole

Wacha nijicheke mwenyewe kabla Migwani yote, huku kwetu, haijawafikishia habari. Shule mimi niliiona kwa mlango tu, lakini gari nimeendesha tangu hizi nywele zikiwa nyeusi. Sasa fundi wangu wa Kibwezi akaniambia, "Mzee, timing belt, ule mkanda wa injini, imefika wakati wa kubadilishwa. Hiyo haipigi kelele, inakatika tu."

Nikafungua boneti. Nikaona mkanda unang'aa, nikauvuta kwa kidole, mgumu kama kamba ya fahali. Nikasema huyu fundi ana njaa yake. Jumapili nikawafundisha hata wazee wa kanisa kupima hivyo hivyo, kwa kidole.

Juzi tukapeleka mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao kijana wangu Kyalo hana mke, hata akioa kanisani mara mbili. Kufika kwa wakwe, gari likazima getini. Akina mama waliokuja kutupokea kwa nyimbo wakaanza kutusukuma, mbuzi huko nyuma wametulia kama mabwana.

Nikafungua boneti niokoe jina. "Timing belt si hii? Mpya kabisa!"

Mama ya msichana, ambaye hujiendeshea pikapu ya maembe, akainama akatazama. "Mzee, hiyo ni ya kuzungusha feni. Ya timing iko ndani, imefunikwa."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mbuzi walipokelewa, Mungu ni mwema. Lakini nyuma yangu mzee wa kanisa tuliyekuja naye alishashika simu, anampigia mkewe kelele: "Mama Mbithe! Usiwashe gari!"