Waya wa Betri na Paipu ya Petroli

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko jana. Nilikuwa fundi wa umeme wa magari pale Migori, katika gereji ya Mhindi mmoja aliyeitwa Ramesh. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, na gari likipita barabarani mji mzima unajua ni la nani.

Ramesh alikuwa na wazimu wa mbio. Zile ndefu za kuzunguka nchi kwenye matope hazikumvutia. Alipenda mbio fupi: magari mawili yanasimama sambamba, bendera inaanguka, na kabla hujameza mate mshindi ameshajulikana. Zilifanywa kwenye kiwanja cha ndege cha Homa Bay, siku ambazo hakuna ndege ya kutua.

Basi akaamua tumuundie gari lake mwenyewe. Akanunua bodi ya gari lililopinduka na injini kubwa kuliko bodi yenyewe. Injini hiyo haikuwa na kabureta. Ilikuwa na pampu iliyosukuma petroli kwa nguvu hadi kwenye injekta, nazo zikairusha ndani kama mvuke. Siku hizi utaona ni jambo la kawaida, lakini wakati ule mafundi walitoka mpaka Rongo kuja kuichungulia.

Kazi ya mapaipu alipewa Onyango, rafiki yangu tuliyekua naye Karungu. Nyaya nikapewa mimi. Dereva alikuwa Mzee Mwita, mtu wa Ntimaru, aliyeendesha malori ya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay mpaka kichwa kikaota mvi. Maneno yake yalikuwa machache.

Sasa sikiliza ugomvi ulivyoanza. Tangi la petroli lilikuwa nyuma. Betri nayo tuliihamishia nyuma, ili uzito ukae juu ya magurudumu yanayosukuma gari. Kwa hiyo petroli ilitakiwa kutoka nyuma kwenda kwenye injini, na waya mnene wa betri vilevile kutoka nyuma kwenda kwenye stata inayoiwasha injini. Njia fupi, iliyonyooka, ilikuwa moja tu: katikati ya sakafu, ubavuni mwa kiti cha dereva.

Onyango aliwahi, akafunga paipu zake mbili pale, moja ya kupeleka petroli na nyingine ya kurudisha iliyozidi. Mimi nikaja nikalaza waya wangu juu ya paipu zake, nikaufunga nazo pamoja kwa ukanda wa mpira.

"Omera, ndugu yangu, toa waya wako hapo," Onyango akasema.

"Toa wewe paipu. Waya ukizunguka unapoteza nguvu ya stata."

"Na paipu ikipindapinda petroli haifiki vizuri. Unataka gari likohoe?"

Kila mmoja alisema kweli kuhusu kazi yake, na ugomvi wa namna hiyo ndio mgumu kuuacha. Tukatupiana maneno mpaka akataja ukoo wa mama yangu, nami nikataja wa kwake. Tukaacha kusemeshana. Tukawa tunakunywa chai tumepeana migongo, kila mtu anamalizia upande wake. Hakuna aliyetoa kitu. Mbio zilipokaribia, injini iliwashwa ikanguruma mpaka mabati ya gereji yakatetemeka. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Mzee Mwita hakupiga. Aliinama, akapitisha mkono ubavuni mwa kiti, akagusa paipu, akagusa waya, kisha akazima injini.

"Onyango, njoo ukae hapa."

Onyango akakaa. Mzee akamfunga mkanda, akaukaza. Halafu akanigeukia. "Na wewe, tikisa huo waya kama gari linavyotikisika."

Nikatikisa. Sote tukasikia waya ukikwaruza kibano cha chuma cha paipu. Mpira wa waya ulikuwa umeshaanza kuchubuka.

"Cheche hiyo," Mzee akasema. "Petroli imeshika. Onyango, toka!"

Onyango akahangaika na mkanda. Vidole vilikataa. Niliuona uso wa rafiki yangu ukibadilika, mwanangu, na hata moto haukuwepo.

Mzee akamfungua taratibu. "Mmekosana, sawa, vijana hukosana. Lakini ugomvi wenu mmeupitisha kando ya mapaja yangu. Mimi nina watoto Ntimaru. Silipandi gari hili."

"Mwita! Homa Bay yote inangoja!" Ramesh akapaaza sauti.

"Ingoje, Bwana Ramesh."

Akatoka nje, akakaa kwenye tairi kuukuu. Onyango akanigeukia. "Nipe koleo," akaniambia.

Tukabomoa kila kitu. Paipu tukazipitisha chini ya sakafu, kwa nje, upande wa kushoto, ndani ya bomba la chuma. Waya ukapita ndani, upande wa kulia, na kila ulipotoboa bati nikauvalisha mpira mnene. Nikaweka swichi kubwa ya kukata umeme karibu na mkono wa dereva. Onyango akauliza kama swichi hiyo ingezima na pampu ya umeme inayovuta petroli kutoka kwenye tangi. Sikuwa nimefikiria hilo. Nikaiunganisha.

Kule Homa Bay bendera ilianguka, gari letu likaruka mbele, na likaongoza hadi katikati ya kiwanja. Hapo mpira uliounganisha paipu ya kurudisha petroli na tangi ukachomoka. Mzee alisikia harufu, akapiga swichi, akatoa gia. Injini ikafa. Gari likateleza polepole mpaka likasimama lenyewe, huku lile gari la Kisumu tulilosimama nalo sambamba likitupita na watu wakitucheka.

Tulikimbia. Udongo wa murram chini ya gari ulikuwa umelowa petroli. Mzee Mwita alijifungua mkanda mwenyewe, akatoka, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Tumeshindwa," akasema. "Twendeni tukale samaki."

Ramesh aliinama, akagusa udongo uliolowa, akanusa vidole vyake. Onyango alikaa chini palepale. "Ni mpira wangu ule," akaniambia. Nikakaa kando yake.

Mwanangu, utafanya kazi na watu na utakosana nao, hata na unaowapenda. Kosaneni, lakini msiache kusemeshana juu ya kazi, kwa sababu daima kuna mtu atakayekaa katikati ya ulichofunga wewe na alichofunga mwenzako. Mtafute huyo kwanza, umfikirie. Na siku ukiwa wewe ndiye unayekaa pale, kataa kama Mzee Mwita alivyokataa, hata watu wawe wanapiga makofi.

Mungu akupe wenzako wa kazi unaoweza kuwaambia ukweli na bado mkala sahani moja. Na kila atakayekiamini kitu kilichopita mikononi mwako, afike kwao salama.