Shimo la Saileji la Chelimo

Chelimo wa Olenguruone si mtu wa maneno mengi, na usipomjua utadhani ni mpole. Mpole! Muulize shemeji yake Kipngeno, aliyevunjwa bega na mwanamke huyohuyo saa nne asubuhi, watu wakiona.

Mume wa Chelimo alipokufa alimwachia ng'ombe watatu wa maziwa na kishamba. Kiangazi kilichofuata kikamuua mmoja kwa njaa. Chelimo akaapa: hafi mwingine. Msimu uliofuata akavuna mahindi yangali mabichi, akayakatakata na mabua yake, akayanyunyizia molasi, akayashindilia shimoni, akafunika kwa nailoni na udongo juu. Afisa wa mifugo alikuwa amemweleza kuwa lishe hiyo ya kuzikwa huitwa saileji: mle ndani bakteria hula sukari ya mahindi na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo huzuia chakula kuoza. Ila hewa isiingie. Ikiingia, kwisha.

Kipngeno hakutaka kusikia hayo. Ng'ombe wake walikuwa wakilia njaa, na huyu mjane anazika mahindi ya shamba la ndugu yake! Siku ya tisa tangu shimo lifunikwe akaja na panga.

"Unaozesha chakula, wewe mwanamke!"

"Shemeji, toka hapo."

Panga likapasua nailoni. Harufu kali ya uchachu ikapanda. "Si nilisema? Kimeoza!" akafoka, akaliinua tena.

Lo! Chelimo akajitupa juu ya tundu. Panga likashuka na vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto. Hakulia. Aliokota jembe kwa mkono mzima, akamtwanga Kipngeno begani hadi mfupa ukalia ko! Akamtwanga mgongoni. Jamaa akaomba msamaha, akaongezwa moja. Mimi simlaumu huyo mama hata kidogo.

Jirani yao Micah alipofika na pikipiki ampeleke Chelimo hospitali, alimkuta amepiga magoti, damu ikimchuruzika, akisukuma udongo kwenye ule mpasuko.

"Panda, mama, utakufa!"

"Leta udongo kwanza."

Micah akabeba udongo huku machozi yakimtoka.

Mwezi wa pili nyasi zilikauka kila mahali. Chelimo akafungua shimo. Palipopasuliwa, ukungu ulikuwa umeharibu kiasi cha beseni moja; kwingine kote saileji safi, chachu, ya manjano. Ng'ombe wake wakala mpaka wakalamba chini.

Kwa Kipngeno walikuwa wameshakufa wawili. Mke wake akaja na gunia tupu, akasimama langoni. Chelimo akamjazia gunia kwa vidole vyake vinane, akalishindilia.

"Ng'ombe hawakunikata," akamwambia. "Kesho njoo tena. Lakini mume wako akikanyaga hapa, nitamuua."

Yule mama akamtazama usoni, akaona hatanii. Siku zote alikuja peke yake.